Juu ya Alama Nyekundu

Hasira za Bi Vipimo zilianzia kwenye swali dogo, tena la mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akisubiri dada yake amalize kazi waondoke.

"Mbona umeandika mia tatu?"

Walikuwa kwenye kibanda cha kupimia maji, mwisho kabisa wa gati, chumba cha bati chenye meza moja, kiti kimoja na rafu iliyojaa vitabu. Dirisha halikuwa na kioo. Lilitazama ubao mrefu uliopigiliwa kwenye nguzo, umechorwa sentimita moja moja kuanzia chini, na penye mia tatu pamepigwa mstari mwekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: maji yakijaa anausoma ubao na kuandika, yakipwa anausoma tena na kuandika. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Bandari nzima, kuanzia mlinzi wa geti hadi bosi, ilimwita Bi Vipimo, na yeye alilipenda hilo jina ingawa alijifanya halipendi.

"Mia tatu na kumi na nne hiyo," mdogo wake akaendelea, akinyoosha kidole. "Hata mimi naiona, na miwani nimeiacha nyumbani."

"Juu ya nyekundu ni mawimbi," akamjibu, kama mtu anayeitikia salamu. "Mawimbi hayahesabiwi. Unaandika mia tatu, unaweka herufi M pembeni. Basi."

Mdogo mtu akainuka akachungulia. Bahari ilikuwa imelala. Kopo tupu la rangi lilielea karibu na nguzo, haliendi mbele wala nyuma.

"Mawimbi yapi, dada?"

Hapo sasa. Kuna maswali ambayo mtu huyakasirikia kwa sababu hana jibu, na kuna yale anayokasirikia kwa sababu jibu analo. Bi Vipimo alifunga kitabu kwa kishindo, kalamu ikaruka mpaka sakafuni.

"Baba amepima maji haya miaka ishirini. Mimi huu wa ishirini na mbili. Wewe umekaa kwenye mabarafu yako misimu miwili, umerudi na jaketi, sasa unataka kunifundisha kuandika?"

Jaketi lenyewe lilikuwa la kweli, jekundu, nene kama godoro, na mtaa mzima ulikuwa umelicheka. Kijana wa watu alikuwa fundi wa kuchimba visima, akapata kazi ya kutoboa barafu kusini kabisa mwa dunia, kule ambako wataalamu walihitaji mtu wa kushika mashine wakati wao wakishika madaftari. Aliporudi wakamwita Barafu, na hata mama wauza mboga walimwuliza kama bado anajua kutoka jasho.

Barafu hakukasirika. Aliokota kalamu, akaiweka mezani.

"Kule tulikuwa tunatoboa kwa maji ya moto," akasema. "Unatoboa siku nzima, mamia ya mita, mpaka unafika upande wa pili, maana ile barafu ya mbele inaelea, chini yake ni bahari. Kisha unashusha kipimajoto. Mara ya kwanza nilipokisoma nilisema mashine imeharibika. Yale maji yalitakiwa yawe karibu kuganda. Yalikuwa na nyuzi moja juu ya sifuri."

"Nyuzi moja ni baridi."

"Wewe ungetia mguu ungelia. Lakini kwa barafu hiyo ni moto. Inaliwa kutoka tumboni, juu huoni kitu, nyeupe vilevile. Bosi wangu mama mmoja mkali, mkali kuliko wewe. Nikamwambia, mama, namba hii haiwezekani, niandike ngapi? Akaniuliza, umeona ngapi? Nikamwambia. Akasema, basi andika ulichokiona, kama haiwezekani tutajua baadaye."

Bi Vipimo alitazama nje. Kopo la rangi bado lilikuwa palepale.

"Na ikiliwa, nini?" akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kujua.

"Ile inayoelea ndiyo inayoizuia ya nyuma, kama jiwe unaloweka mlangoni usijifunge. Ya nyuma haielei, imekalia mwamba, na mwamba wenyewe uko chini ya usawa wa bahari. Ukilipunguza lile jiwe, mlango unasogea. Barafu ya nyuma inateremka kuingia baharini, kila mwaka kwa haraka zaidi. Na kuna jambo jingine lilinikosesha raha. Lile pande ni kubwa na zito kiasi kwamba linavuta bahari ije upande wake. Likipungua, linaachia. Maji yanayoachiwa yanawajia walio mbali kuliko walio karibu."

"Yaani wanaokaa nayo jirani wanapona, sisi ambao hatujawahi hata kuiona ndio tunaletewa?"

"Jirani yake hakai mtu, dada. Ni pengwini tu."

"Basi pengwini wana bahati."

"Si yote ya barafu yangu," Barafu akasema. "Bahari yenyewe ikipata joto inavimba, na kuna barafu nyingine za milimani. Lakini ile ya kusini ndiyo inayonitisha, maana ikishashika njia haisikii la mtu." Akagusa kitabu kwa kidole. "Hivi, hizi namba anazitumia nani?"

Bi Vipimo alijua vizuri sana anazitumia nani. Alhamisi ile kamati ilikuwa inakaa kupitisha ujenzi wa wodi ya wazazi kwenye kiwanja cha zamani cha makontena, nyuma ya uzio wa bandari. Kiwanja kilikuwa cha bure na tambarare, na Mhandisi Mkuu alikuwa ameandika kwenye ramani yake, kwa maandishi makubwa, kwamba kwa miaka arobaini na mbili maji hayajawahi kupita alama nyekundu. Sakafu ya wodi ingekaa sentimita ishirini juu ya alama hiyo. Ishirini. Na ushahidi wote wa maneno hayo ulikuwa pale kwenye rafu, kwa mwandiko wake na wa baba yake.

"Nenda nyumbani," akamwambia mdogo wake. "Nitakuja."

Akavishusha vitabu vyote. Alianza na vya baba yake, vyenye majalada ya kitambaa na mwandiko wa kusimama wima kama askari. Mwaka wa kwanza wa baba: M mbili. Pembeni kulikuwa na safu ya upepo, ambayo wao hawakuipima kwa macho. Kila siku karani wa mnara wa bandari alileta kikaratasi kutoka kwenye kipima upepo, wao wakanakili. Siku ya M ya kwanza: upepo mkali. Siku ya M ya pili: upepo mkali. Alishusha pumzi. Baba hakuwa mjinga. Kanuni ilikuwa na akili zake: siku ya dhoruba maji yanarukaruka kwenye ubao, huwezi kuyasoma, basi huandiki uongo, unaandika mia tatu na kusema ni mawimbi.

Mwaka wa mwisho wa baba: M kumi na moja, na nne kati ya hizo upepo ulikuwa mdogo.

Kisha vitabu vyake mwenyewe. Aliendelea kuhesabu kwa vijiti vya kalamu, vitano vitano, jua likisogea kutoka dirishani mpaka mlangoni. Mwaka wake wa tano, M ishirini na mbili. Wa kumi na tano, hamsini na moja. Mwaka jana, themanini na nne. Kati ya hizo themanini na nne, siku sitini na tatu safu ya upepo ilisema neno moja tu: shwari.

Upepo: shwari. Maji: 300 M. Mstari mmoja, mkono mmoja, wino mmoja.

Asikuambie mtu, hakuna hasira kama ile unayoipata ukijikuta mwenyewe umeshika kisu. Alitaka kumtukana mtu na mtu hakuwepo. Alikuwa ameyaona yale maji. Kila bamvua, zile siku mbili tatu za mwezi mpya na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa kuliko kawaida, alikuwa akiyatazama kwa macho yake yakipita mstari yametulia tuli, na mkono wake ulikuwa ukiandika mawimbi. Si kwa hongo wala kwa kutishwa. Alifundishwa akiwa na miaka kumi na tisa, akashika.

Baba yake alikuwa sebuleni akipiga pasi shati. Mzee huyu hakumwachia mtu pasi, tangu mkewe yuko hai, kwa maelezo kwamba wanawake wa nyumba ile hawana subira na kola.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umemwona Mhandisi? Amenipigia simu mwenyewe. Alhamisi nakaa mbele. Anataka nisimame niseme neno, mimi ndiye niliyeanzisha vitabu." Alinyanyua shati akalitazama kwenye mwanga. "Miaka yote ile hakuna aliyekuja hata kuniuliza hali. Leo wamekumbuka."

Bi Vipimo alibaki amesimama. Njiani alikuwa ameyapanga maneno vizuri, lakini yalitoka hovyo.

"Baba, ile kanuni ya nyekundu, nani alisema isibadilike?"

"Kanuni gani ibadilike? Juu ya nyekundu ni mawimbi."

"Na pasipokuwa na mawimbi?"

"Juu ya nyekundu ni mawimbi," mzee akarudia, polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Nilikukuta unaandika mia tatu na tatu, wiki yako ya kwanza. Nikakufanya uichane ile karatasi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Maji yalikuwa yametulia, baba. Nilikuwa nimeona sawa."

Pasi ilisimama juu ya mkono wa shati. Bi Vipimo akamwambia yote: M mbili, M kumi na moja, M themanini na nne, na shwari sitini na tatu. Alimwambia na yale ya Barafu, kuhusu jiwe la mlangoni na ile namba isiyowezekana. Mzee alisikiliza mpaka harufu ya kitambaa kuungua ikajaa chumba. Alipoinua pasi, mkono wa shati ulikuwa na doa la kahawia lenye umbo la pasi yenyewe.

"Unataka kusimama mbele za watu useme baba yako alikuwa anaandika uongo."

"Wewe ulikuwa sahihi. Mwanzoni ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyeandika uongo."

"Nani aliyekufundisha?"

Mzee aliiweka pasi wima. Alichomoa waya wa pasi ukutani, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Barafu, aliyekuwa jikoni muda wote ule akisikia kila neno, alitoka na jaketi lake mkononi kama mtu anayetaka kusafiri tena.

"Hasira zako nizipokee mimi," akamwambia dada yake. "Mimi ndiye niliyeuliza."

"Zako zipo, usijali. Foleni ndefu."

Jumatano alikwenda zahanati kumwona wifi yake. Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa mkunga, mwanamke mnene mwenye mikono mifupi na sauti iliyozoea kuwaambia watu wasukume. Miaka sita alikuwa akiomba wodi. Zahanati ilikuwa na vitanda viwili vya kujifungulia, na siku ile mama wa tatu alikuwa ukumbini, kwenye godoro, amezungushiwa shuka iliyofungwa kwenye misumari.

Bi Vipimo alimweleza pale pale, karibu na sinki, wifi yake akiosha mikono. Alipomaliza, maji ya bomba yalikuwa bado yanatiririka na mkunga hakuwa ameyafunga.

"Kwa hiyo kesho unakwenda kuniulia wodi yangu."

"Nakwenda kusema maji yanafika. Wifi, fikiria usiku wa bamvua, maji yako sakafuni, umeme umekatika, una mama aliyetoka kupasuliwa. Utampeleka wapi?"

"Na sasa hivi nampeleka wapi?" Mkunga alinyoosha mkono kuelekea lile shuka. "Mwambie yeye habari za barafu. Nenda, mfunulie shuka umwambie kuna pande la barafu huko mwisho wa dunia, kwa hiyo ajifungulie chini. Wodi yako ya mlimani iko wapi? Nionyeshe kiwanja."

"Sina kiwanja."

"Basi una nini?"

"Nina vitabu."

"Ulikuwa navyo miaka ishirini na mbili," wifi akasema. "Ungekuja mwaka ule wa kwanza niliopeleka barua, ningekubusu miguu. Umekuja leo, mkesha wa kupitishwa. Nipishe, nina kazi."

Lilimuuma, na lilimuuma zaidi kwa kuwa lilikuwa kweli. Alitoka pale akitembea haraka, akiwakasirikia wote kwa zamu: baba na kola zake, Barafu na swali lake, wifi na ulimi wake, na watu asiowajua wa nchi asizozijua waliochoma walichochoma miaka yote wakapata joto lao, maji yakaja kuhesabiwa na yeye kwenye kibanda cha bati. Na kila zamu ilipokwisha, ilirudi kwake.

Alhamisi saa nne ukumbi mdogo wa bandari ulijaa. Feni lilizunguka bila kuleta upepo. Ramani ilikuwa imebandikwa ukutani, na Mhandisi Mkuu, mwanamume nadhifu mwenye miaka tisa tu pale bandarini, aliielekezea kijiti akizungumza kwa upole wa mtu ambaye hajawahi kukatizwa. Mzee alikaa mbele. Alikuwa amevaa shati lilelile, mkono wenye doa ameukunja mpaka juu ya kiwiko. Mkunga alikaa mstari wa pili na wala hakumtazama wifi yake.

"Tunaye hapa mzee wetu aliyeanzisha kumbukumbu hizi," Mhandisi akasema. "Mzee, hebu tuambie. Katika miaka yako yote, maji yaliwahi kupita alama nyekundu?"

Mzee alisimama. Aligeuka, akamtafuta bintiye kwa macho, akampata nyuma karibu na mlango, amekumbatia vitabu vitatu kifuani. Walitazamana. Kisha mzee akakaa bila kusema neno.

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni aibu ya uzee. Mhandisi naye akatabasamu. "Basi tumsikie Bi Vipimo kwa niaba yake."

Alikwenda mbele. Sauti ilimtii, kwa sababu ilikuwa na hasira ya kuishikilia.

"Vitabu hivi si vya kweli," akasema. "Tangu niajiriwe, kila maji yalipopita nyekundu mimi niliandika nyekundu na kuyaita mawimbi. Mwandiko ni wangu. Mwaka jana yalipita mara themanini na nne. Jumatatu wiki hii yalikuwa mia tatu na kumi na nne, kweupe, bila upepo. Sakafu mnayotaka kujenga ni mia tatu na ishirini."

Ukumbi ukavuma. Mhandisi alisubiri mvumo utulie. Hakupandisha sauti.

"Ngoja nikuelewe. Unakiri mbele ya kamati kwamba umeghushi kumbukumbu za serikali kwa miaka ishirini na mbili?"

"Ndiyo."

"Basi kwa nini tukuamini leo? Mtu aliyeandika uongo mara themanini na nne kwa mwaka, hii ya leo tuiite nini?" Aligeukia kamati, mikono ameifungua. "Ndugu wajumbe, mnaona tatizo. Hatuwezi kuacha wodi ya akina mama kwa neno la mtu anayejiita mwongo mwenyewe."

Na kweli, pale alikuwa amemweka pabaya. Watu walianza kunong'ona, wengine wakamwangalia kwa huruma, ile huruma inayouma kuliko matusi. Bi Vipimo aliona baba yake ameinamisha kichwa, na shingo ya mzee ilivyokuwa nyembamba ndani ya ile kola iliyonyooka ndiyo iliyomtia kichaa.

Akafungua kitabu cha mwaka jana juu ya meza ya Mhandisi, kwa nguvu mpaka glasi ya maji ikatikisika.

"Usiniamini mimi. Soma safu ya upepo. Hiyo siipimi mimi, nainakili tu kutoka kwenye chombo chako, mnarani kwako. Soma kwa sauti."

"Hatuko hapa ku..."

"Soma."

Mkunga ndiye aliyesimama. Alikuja mbele kwa hatua zake fupi, akakivuta kitabu, akaweka kidole kwenye mstari, na kwa ile sauti ya kuwaambia watu wasukume akasoma: "Shwari. Mia tatu, M." Akafunua. "Shwari. Mia tatu, M. Shwari. Mia tatu, M." Akamtazama wifi yake. "M ni nini?"

"Mawimbi."

"Mawimbi kwenye shwari," mkunga akasema, na hakucheka mtu. Kidole chake kilishuka mpaka chini ya ukurasa. "Na hii sahihi hapa chini, kila Ijumaa, ya nani?"

Ilikuwa sahihi nzuri, yenye mkia mrefu, ya mtu aliyejizoeza. Ilikuwa chini ya kila ukurasa kwa miaka tisa. Mkia uleule ulikuwa kwenye kona ya ramani ukutani.

Mhandisi alikunywa maji. Kisha akasema kikao kimeahirishwa, kamati itatafuta ushauri zaidi kuhusu kiwanja, na mpima maji amesimamishwa kazi kuanzia saa ile na akabidhi vitabu vyote pamoja na ufunguo wa kibanda. Kuhusu sahihi hakusema kitu. Watu walipotawanyika mkunga alimpita wifi yake mlangoni.

"Usidhani nimekusamehe," akamwambia. "Wodi sina, na wala sijui nitaipata lini. Ila sitawalaza kwenye maji." Akaenda zake, maana zahanati walikuwa wanamsubiri.

Mzee alikuwa ameshaondoka, peke yake, kwa miguu. Jioni hakutoka chumbani kula.

Kesho yake, kwa mazoea tu, Bi Vipimo alijikuta ameamka, amevaa, yuko njiani kwenda gatini. Mlinzi wa geti alikuwa amepewa amri ya kutomruhusu. Aligeuka akajishughulisha na redio mpaka Bi Vipimo alipopita. Kibanda kilikuwa na kufuli jipya. Siku ile ndiyo ilikuwa kilele cha bamvua, na bahari ilikuwa imejaa bila hata kunong'ona, laini, yenye mng'ao, imeufunika mstari mwekundu kana kwamba haikuwahi kuwekewa.

Baba yake alikuwa amekaa ukingoni mwa gati, miguu imening'inia, miwani puani. Hakugeuka. Bi Vipimo alisimama nyuma yake, asijue aseme shikamoo au asubiri.

"Miaka ishirini," mzee akasema, "sikuwahi kusoma juu ya ule mstari. Macho yalikuwa yanafika hapo yanasimama. Nilikuwa sijui kama hata namba ziliandikwa huko juu."

"Zimeandikwa, baba. Mpaka mia nne."

"Naona." Akaegemea mbele, akakunja uso, akasoma kwa sauti ile ya zamani, ya kuimba kidogo, ambayo binti alikuwa hajaisikia tangu akiwa na miaka kumi na tisa. "Mia tatu na kumi na saba. Shwari. Andika."

"Sina kitabu. Wamevichukua."

"Una kalamu?"

Alikuwa nayo, ilikuwa nyuma ya sikio, mahali pake pa siku zote.

"Basi andika mkononi," mzee akasema. "Andika, mwanangu. Usiniulize kama inawezekana."

Akafungua kiganja cha kushoto akaandika, akikandamiza kalamu kwa hasira mpaka ngozi ikauma: 317. Hakuweka herufi yoyote pembeni. Chini yao maji yalikuwa yamesimama, sentimita tatu tu chini ya pale ambapo wangeweka vitanda, na bado yalikuwa na robo saa ya kujaa.